Folda Ikifutwa Kompyuta Moja, Imefutwa Kote

Mhasibu mmoja alinipigia simu jioni akiwa na hofu kubwa: folda ya risiti za mwaka mzima ilikuwa imetoweka kwenye kompyuta zote tatu za ofisi yao. Alikuwa ameifuta kwenye kompyuta yake tu, kwa sababu diski ilikuwa imejaa, akiamini kwamba nakala nyingine ingebaki salama kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Kosa hili nakutana nalo mara nyingi kuliko jingine lolote, na simlaumu anayelifanya, kwa kuwa neno "nakala" ndilo linalompotosha. Folda iliyounganishwa na OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ni folda moja inayoonekana kwenye kompyuta tatu, na mabadiliko yoyote unayoyafanya huku, ikiwemo kufuta, hufika kule.

Nilimwomba asitishe kwanza usawazishaji, yaani kazi ya kulinganisha mafaili ya kompyuta na ya mtandaoni, kisha afungue akaunti kupitia kivinjari. Mimi huanzia hapo kila mara, kwa sababu kivinjari huonyesha kilichopo kwenye seva, ilhali kompyuta inaweza kuonyesha hali ya saa kadhaa zilizopita. Folda tuliikuta kwenye pipa la taka, ambalo hutunza vitu kwa siku 30 kwa akaunti binafsi na, kwa kawaida, siku 93 kwa akaunti za kazini au shuleni. Tukairejesha, ikarudi na risiti zake zote.

Alichohitaji tangu mwanzo kilikuwa kupunguza mzigo wa diski. Kwa kazi hiyo, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague amri ya kuachia nafasi. Tiki ya kijani itageuka kiwingu cha buluu, yaani faili limebaki mtandaoni na litapakuliwa utakapolifungua. Bila intaneti halitafunguka, kwa hiyo anayesafiri aagize mapema mafaili anayoyahitaji yabaki kwenye kompyuta.

Tulipomaliza, niliona duara jekundu, alama ya hitilafu ya usawazishaji, kwenye folda nyingine. Walikuwa wamepanga folda ndani ya folda hadi ngazi ya tisa, na kila moja ilirudia jina la ofisi na mwaka, wakati Windows kwa kawaida huishia kwenye herufi 260 kwa anwani nzima ya faili, yaani majina ya folda zote pamoja na la faili lenyewe, na OneDrive 400. Tulifupisha majina, na hitilafu ikaondoka.

Lilibaki faili la malipo lililojitokeza mara mbili, moja likiwa na jina la kompyuta mwishoni. Hutokea hivyo watu wawili wanapolihariri kabla kompyuta zao hazijasawazishwa. Usifute lolote kabla hujayafungua yote mawili: moja lilikuwa na malipo ya wiki ya kwanza, jingine ya wiki ya pili, nasi tukayaunganisha mstari kwa mstari ndipo tukaliondoa la ziada.