Mende mdogo hana pori

Karibu kila mkazi wa Nairobi anayetafuta ushauri katika kitengo chetu cha kudhibiti wadudu huja na lalama ileile: nimepiga dawa, wamekufa wengi, na baada ya mwezi wamejaa tena. Kabla ya lolote tunamuuliza ukubwa wao. Kuna mende mkubwa, mwekundu wa kahawia, anayefikia sentimita 4, ambaye makao yake ni mitaro na mashimo ya majitaka. Huyo huingia kupitia tundu la bafu au chini ya mlango, na ukiweka wavu kwenye tundu na kuziba nyufa, umeondoa sehemu kubwa ya shida. Halafu kuna yule mdogo, kahawia iliyofifia, wa milimita 13 hadi 16, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Ana mabawa lakini haruki. Ukiwasha taa ya jikoni saa sita usiku, ndiye anayekimbilia nyuma ya jiko. Huyo ni mende wa Kijerumani, Blattella germanica, na makala haya yanamhusu yeye.

Jambo moja kumhusu linabadilisha namna yote ya kupambana naye: hana pori. Hakuna msitu, kichaka wala shamba anakoishi peke yake; kote duniani yumo ndani ya majengo ya watu. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba alitokana na mende wa Asia miaka 2,100 hivi iliyopita, katika eneo la India au Myanmar, kisha akasambaa ulimwenguni akiwa ndani ya mizigo ya watu. Kwa hiyo mende wa jikoni mwako Umoja au Zimmerman hakutoka kwenye nyasi za nyuma ya ploti wala kwenye Mto Nairobi. Ama alibebwa na mtu, ndani ya friji ya mtumba, mikrowevu, trei ya mayai, katoni ya dukani au mizigo ya kuhamia mwisho wa mwezi, ama alipita ukutani kutoka kwa jirani. Habari hii ina upande mzuri pia. Ukimmaliza ndani na ukajua mlango alioingilia, huko nje hakuna jeshi linalosubiri zamu yake.

Kwa nini basi hurudi baada ya kupigwa dawa? Mara nyingi huwa hakuondoka. Jike hubeba kifuko cha mayai kwenye ncha ya tumbo kwa wiki tatu au nne, hadi mayai yanapokaribia kuanguliwa, na kifuko kimoja kina mayai 30 hadi 40. Katika joto la jikoni watoto hao hukomaa kwa miezi miwili hivi, na jike mmoja hutoa vifuko vinne hadi vinane maishani mwake. Dawa ya kupuliza haipenyi kifuko. Mama akifa mayai yakiwa yamekaribia, watoto wanaweza kuanguliwa pale pale kando ya mzoga wake. Isitoshe, wale unaowaona usiku ni sehemu ndogo tu ya ukoo mzima. Wengine, hasa majike wenye mayai na watoto wachanga, wamejibana kwenye nyufa nyembamba, na hawatoki hovyo.

Sasa tazama kinachotokea ukiwapulizia dawa ya mkebe. Nyingi ya dawa hizo ni za jamii ya pairethroidi, kama sipamethrini na deltamethrini, zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa kulizalisha. Zinaangusha mdudu haraka, na hapo ndipo zinapompendeza mnunuzi. Lakini zinawasha na kufukuza. Waliokuwa nyuma ya friji wanahamia dari, chumba cha kulala, soketi, au kwa jirani. Na waliobaki hai baada ya kupulizwa mwaka hadi mwaka ndio waliozaa kizazi cha leo, ndiyo sababu mende wengi wa mijini sasa ni sugu kwa jamii hiyo ya dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walichapisha mwaka 2019 matokeo yaliyowashtua hata watu wa fani: mende walipopigwa dawa moja, usugu wao uliweza kupanda mara kadhaa ndani ya kizazi kimoja tu, na wakati mwingine ukafika hadi kwa dawa za jamii nyingine ambazo hawajawahi kukutana nazo. Mikebe ya moshi, ile unayofyatua na kufunga mlango, ni hasara zaidi. Moshi hutua juu ya meza na vyombo, mahali mende hakai, na haufiki ndani ya ufa anamokaa.

Kuhusu kile kipaza sauti kinachopita mitaani kikitangaza dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto, nitasema wazi: usinunue. Chupa isiyo na lebo haikwambii ina nini, na mara nyingine ni dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia mimea iliyozimuliwa na kutiwa kwenye chupa ya soda. Chaki ya mende nayo ni sumu yenye umbo ambalo mtoto analijua kutoka shuleni. Mtoto akimeza chochote kati ya hivi, usimtapishe wala usimlazimishe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au karatasi ya dawa yenyewe, maana daktari anahitaji kujua anatibu sumu gani.

Fundi wa mende anayeijua kazi huja na tochi kabla ya bomba la kupulizia. Mimi binafsi humpima mtu kwa hilo: akiingia tu na kuanza kupuliza kingo za ukuta, amekuja kulowesha sakafu yako. Kazi ya kwanza ni kutafuta makao. Mende huyu hupenda joto, unyevu na mguso wa pande mbili, tumbo chini na mgongo juu. Kwa hiyo tochi inamulika nyuma ya friji pale kompresa inapotoa joto, ndani ya mpira wa mlango wake, kwenye bawaba za kabati, chini ya ukingo wa sinki, ndani ya jiko la gesi, nyuma ya kalenda na saa ya ukutani, ndani ya dekoda. Julai, baridi ya Nairobi inapouma, vifaa vya umeme ndivyo vyenye msongamano. Dalili ni madoadoa meusi kama pilipili manga iliyosagwa, maganda ya watoto waliojivua, vifuko vitupu, na katika nyumba iliyojaa sana, harufu nzito ya mafuta yaliyochacha. Madoadoa hayo ni kinyesi, na kinyesi hicho kina harufu inayowaita wengine wakusanyike hapo. Kuyasugua ni sehemu ya tiba.

Kisha anatega mitego ya gundi, ile ya karatasi, ukutani na pembeni mwa vifaa, na kuiacha usiku mmoja au zaidi. Mtego wenyewe hauwamalizi. Kazi yake ni kuonyesha wako wapi na wangapi, na baada ya tiba utaonyesha kama namba imeshuka. Bila hesabu hiyo mnabaki kubishana kwa macho tu: yeye anasema wamekwisha, wewe unasema umemwona mmoja.

Silaha kuu siku hizi ni jeli, chambo chenye chakula na sumu inayofanya kazi polepole, kama fiproni, indoksakabu au imidaklopridi. Upole huo ni wa makusudi. Mende akila hafi hapo. Anarudi kwenye ufa, anafia huko, na wenzake, hasa watoto wasiotoka nje, wanakula kinyesi na mzoga wake na kufa vilevile. Hakuna dawa ya kupuliza inayoweza kuwafuata hadi huko. Jeli huwekwa kwa sindano, matone mengi madogo yasiyozidi punje ya ndengu, karibu kabisa na makao. Matone hamsini yaliyotawanywa vizuri yana faida kuliko mistari minne minene. Na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: mtu anawekewa jeli asubuhi, jioni anaona mende mmoja, anachukua mkebe na kupuliza. Amenyunyizia chakula cha mtego kitu kinachofukuza, na hakuna atakayekigusa tena. Vivyo hivyo kwa anayepangusa kabati kwa dawa ya kufulia siku ya pili.

Jeli nayo ina historia yake ya kushindwa. Mnamo 1993 mtafiti Jules Silverman aliripoti mende waliokikataa chambo kwa sababu ya sukari ya glukosi iliyomo, na mwaka 2013 yeye na wenzake walionyesha kwamba viungo vya kuonjea vya mende hao huisikia glukosi kama kitu kichungu. Wasioipenda sukari ndio waliopona na kuzaa. Kwa hiyo usishangae fundi akibadilisha aina ya jeli katika ziara ya pili au ya tatu. Ni dalili kwamba anafuatilia.

Pamoja na jeli kuna unga, kwa mfano asidi ya boriki, unaopulizwa kwa utando mwembamba ndani ya uwazi wa ukuta na nyuma ya kabati, mahali pakavu pasipofikiwa na mtoto. Ukiuona umelundikana mweupe, umezidi, mende huukwepa. Kuna pia dawa za kuvuruga ukuaji, kama hidropreni na pairiproksifeni, zinazowafanya watoto wakomae wakiwa tasa. Haziui haraka, ila zinakata kizazi. Nyumba iliyojaa kupita kiasi huanzia kwenye mashine ya kuvuta vumbi, kuwavuta wazima kwa mamia kabla ya tone lolote la dawa. Na kwenye soketi au mita ya tokeni hakuna kimiminika kinachopulizwa, kwa sababu isiyohitaji maelezo. Dawa ya mkebe karibu na jiko la gesi linalowaka pia imewahi kuwasha moto jikoni, si mende.

Nini kinafuata? Wiki ya kwanza utaona mende wakiyumba sakafuni mchana. Usiogope, ni sumu inafanya kazi. Vifuko vilivyobaki vitaanguliwa, ndiyo maana ziara ya pili baada ya wiki mbili hivi si ujanja wa kukuongezea gharama; ndiyo inayowakuta watoto hao kabla hawajazaa. Nyumba yenye wachache inaweza kusafika ndani ya mwezi mmoja au miwili. Iliyojaa sana itachukua zaidi. Anayekuahidi kumaliza kazi kwa saa moja, bila kurudi, kwa dawa "isiyo na madhara yoyote kwa binadamu", anakuuzia maneno. Muulize jina la sumu iliyomo, akuonyeshe lebo yenye namba ya usajili wa PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu nchini, na leseni yake ya kufanya kazi hiyo. Mwenye vyote hukujibu bila kununa.

Sehemu yako ni ndogo lakini haikwepeki. Mende akiwa na maji bila chakula anaweza kuishi mwezi hivi. Akikosa vyote viwili, wiki mbili humtosha kufa. Katika jiji la mgao wa maji, ambapo kila jikoni kuna mitungi na ndoo, hili lina uzito wake. Funika ndoo, kaza bomba linalodondoka chini ya sinki, kausha sinki kabla ya kulala, usilaze vyombo vichafu. Safisha mafuta nyuma ya jiko kabla fundi hajaja, kwa kuwa yanashindana na chambo. Hata hivyo, nisingependa mtu aaibike. Nyumba safi kabisa yenye ukuta mmoja na jirani aliyejaa mende itapata mende.

Ndiyo maana katika ghorofa za Pipeline au Kayole, zenye bedsita mgongo kwa mgongo na mabomba yanayopita kwenye uwazi mmoja toka chini hadi juu, kutibu chumba kimoja ni kuwahamisha. Zungumza na keateka na majirani: kushoto, kulia, juu na chini vikaguliwe kwa mitego siku moja, na vilivyo na mende vitibiwe pamoja. Nyufa zinazozunguka mabomba zizibwe kwa saruji au silikoni. Landilodi akigoma, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kuhatarisha afya kuwa kero, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ana uwezo wa kuamuru kero hiyo iondolewe. Afya hapa haimaanishi tu vijidudu vya kuhara vinavyobebwa miguuni hadi kwenye chakula. Kinyesi na maganda ya mende huyu hugeuka vumbi, na vumbi hilo huchochea pumu, hasa kwa watoto. Ukiwa na mtoto anayekohoa usiku katika nyumba yenye mende, mwambie daktari kuhusu mende pia.

Mitego ikikaa miezi mitatu bila kunasa hata mmoja, unaweza kusema wamekwisha. Bakiza mtego mmoja nyuma ya friji na mwingine chini ya sinki, na uiangalie kila mwezi. Friji au mikrowevu ya mtumba ifunguliwe mgongo na kumulikwa nje, kabla haijapandishwa ngazi. Katoni za dukani ziishie mlangoni.