Je, Wajua? Kwa Nini Lifti za Mlimani Hufungwa Siku Theluji Inapokuwa Nzuri Zaidi

Swali lilizuka kwenye saluni moja ya kinyozi pale Mwanga, Kigoma. Televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha Wazungu wamepanga foleni chini ya mlima mweupe, mbao za kutelezea zimefungwa miguuni, jua linawaka, theluji mpya imejaa mpaka kwenye matawi ya miti. Viti vya kuwapandisha juu vimesimama tuli. Dogo aliyekuwa ananyolewa akauliza, "Bro, hawa nao wamekatiwa umeme?" Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akamjibu kwamba hapana, watakuwa wanaiogopa theluji. "Waiogope tena, mzee wangu? Si ndiyo waliyoifuata?"

Mzee alikuwa karibu na ukweli, lakini swali la dogo ndilo tamu. Watu wamelipa nauli ya ndege, wamelipa hoteli, wamelipa na tiketi ya siku ambayo kwenye vituo vikubwa vya Marekani huzidi dola 200. Theluji waliyoisubiri msimu mzima imeanguka usiku kucha. Halafu asubuhi, anga ikiwa safi kabisa, wanaambiwa wasubiri. Kwa nini?

Tuanze na lifti yenyewe. Ni waya mnene wa chuma unaozunguka juu ya nguzo ndefu, umening'iniza viti vya watu wawili, wanne, hata sita. Unakaa, unapandishwa, unashukia juu, kisha unateremka kwa kuteleza. Kupanda kwa miguu kwenye theluji inayofika magotini kunaweza kula saa nzima au zaidi, na wengi hawatathubutu. Kwa hiyo mwenye swichi ya lifti ndiye mwenye funguo za geti la mlima. Akiizima, mlima unabaki hauna watu. Akiiwasha, ndani ya nusu saa kuna mamia ya watu wametawanyika kwenye miteremko mikali. Hapo ndipo penye jibu lote, kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui kuhusu maporomoko ya theluji.

Sisi maporomoko tunayajua kwa matope na mawe. Desemba 2023 kule Katesh, Hanang, mvua ilishusha tope kutoka mlimani na kuua makumi ya watu. Tope lile halikuhitaji mtu wa kulianzisha. Maporomoko ya theluji yanayoua watelezaji yana tabia tofauti: katika ajali takriban 9 kati ya 10, aliyelianzisha poromoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake waliyekuwa naye. Theluji ilikuwa imetulia, mtu akaikanyaga, ikakatika. Maana yake ni kwamba lifti inapopandisha watu, inapandisha na chanzo cha ajali.

Inakuwaje mtu wa kilo 70 aangushe theluji ya tani mamia?

Theluji ya mlimani ni matabaka. Kila dhoruba inamwaga la kwake juu ya lile lililotangulia, na matabaka hayo hayafanani. Mengine hugandamana vizuri. Mengine huoza, tena yakiwa yamefukiwa. Ardhi iliyofunikwa na theluji nene hubaki karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, wakati hewa ya juu usiku inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke unapanda kutoka kwenye joto la chini kwenda kwenye baridi ya juu, na ukiwa njiani unazivunja chembe za theluji na kuzijenga upya zikiwa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukichota konzi ya theluji ya namna hiyo na kuifinya, haifanyi donge. Inamwagika katikati ya vidole. Kuna na aina nyingine, nzuri sana kwa macho: usiku mtulivu usio na mawingu, uso wa theluji huota fuwele nyembamba zinazometameta asubuhi. Watu huzipiga picha. Dhoruba inayofuata ikizifunika bila kuzivunja, hapo pana tabaka dhaifu ambalo linaweza kukaa wiki nyingi likisubiri.

Juu ya tabaka hilo huja theluji mpya, upepo unaigandamiza, inakuwa bamba moja gumu. Mtu akipita mahali ambapo bamba ni jembamba, uzito wake unafika chini, tabaka dhaifu linavunjika, na ufa unakimbia chinichini kwa makumi hata mamia ya mita kabla hajajua kilichotokea. Kisha bamba zima linateleza kwa mkupuo, naye akiwa juu yake.

Mteremko nao lazima uwe wa kiasi. Mabamba mengi huanguka kwenye mteremko wa kati ya nyuzi 30 na 45, hasa karibu na nyuzi 38. Chini ya 30 ni nadra kukatika. Kwenye ukali uliopita huo sana, theluji haipati nafasi ya kujilimbikiza. Inamwagika kidogo kidogo kadiri inavyoanguka. Bahati mbaya, huo wa kati ndio hasa mteremko ambao mtelezaji mzoefu anautamani.

Sasa turudi kwenye ile anga safi iliyomshangaza dogo. Jua kuwaka hakumaanishi mlima umetulia. Upepo unaweza kuokota theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili kwa kasi mara 10 hivi ya ile inayoanguka kutoka mawinguni, na unaweza kufanya hivyo anga ikiwa buluu tupu. Halafu theluji nyingi iliyokuja kwa pamoja inahitaji muda wa kushikana na ya chini yake. Wanaosafiri na boti za Kibirizi kwenda Kagunga hawahitaji kuelezwa sana: upepo umekata alfajiri, ziwa linang'aa, lakini nahodha hatoi chombo kwa sababu mawimbi ya usiku bado hayajaisha.

(Upepo mkali unafunga lifti kwa sababu nyingine pia, isiyo na siri yoyote: viti vinayumba na waya unaweza kutoka kwenye magurudumu yake. Siku nyingi lifti ikifungwa, ni hilo tu.)

Wakati wateja wanakunywa chai, kikosi cha doria cha mlima kimekuwa kazini tangu kabla ya kupambazuka. Ukiona viti vinazunguka vitupu na wewe huruhusiwi kupanda, yawezekana ndio wanapelekwa. Wanatembea juu ya mgongo wa mlima wawili wawili, kila jozi na njia yake, mkobani wana baruti za kurusha kwa mkono, nyingi zina uzito wa karibu kilo moja. Wanawasha utambi wa dakika moja na nusu hivi, wanarusha, wanarudi nyuma, wanaziba masikio. Lengo ni kuliangusha poromoko saa ambayo hakuna mtu chini yake. Vilele vingine vimesimikwa mabomba makubwa ya chuma yanayojazwa gesi na kulipuliwa kwa mbali. Kule Alta, jimbo la Utah, ambako Monty Atwater, askari wa zamani wa kikosi cha milimani, aliijengea kazi hii misingi yake Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, walitumia hata mizinga ya jeshi. Mpaka leo mji ule una amri ya kuwafungia watu ndani ya majengo wakati mlima unalipuliwa au hatari ikiwa kubwa. Kutoka nje kuangalia ni kosa kisheria.

Baruti ikiliangusha bamba, kazi imekwenda vizuri. Shida ni pale inapolipuka na mlima ukanyamaza. Wengi tungesema hapo pamepimwa, pako salama, fungua. Doria hawasemi hivyo. Mlipuko unaweza kuwa ulitua mita kadhaa kutoka mahali penye udhaifu, na mtelezaji wa 50 akapita palepale. Ndiyo maana wanapima kwa njia nyingine pia. Mmoja anakatiza juu ya mteremko kwa kasi, kimshazari, huku mwenzake akimwangalia kutoka mahali salama, waone kama theluji itapasuka.

Au wanachimba. Wanakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kwa 30, wanailaza bapa la koleo juu yake, kisha wanaligonga: mara 10 kwa kuchezesha kiganja tu, 10 kwa mkono kuanzia kwenye kiwiko, 10 kwa mkono mzima kuanzia begani. Wanahesabu ni kwenye pigo la ngapi nguzo inakatika, na inakatika vipi. Ikivunjika ovyo ovyo, si mbaya sana. Ikikatika mapema na kipande cha juu kikachomoka safi na kuteleza mbele, kamba ya kuzuia watu inabaki palepale ilipo.

Kwa sababu hiyo mlima haufunguliwi wote kwa mkupuo. Lifti za chini huanza, za juu hufuata mchana, kesho yake, wakati mwingine wiki ijayo. Kuna jambo linalowaudhi sana wageni: njia laini, ya watoto wanaojifunza, nayo imefungwa. Yenyewe haina tatizo. Tatizo liko mita 300 juu yake, kwenye mteremko mkali ambao ukikatika utaishia pale pale kwenye njia ya watoto.

Kilichonishangaza mimi zaidi ni hiki: mteremko unaotelezewa kila siku mara nyingi ni salama kuliko uliofungwa muda mrefu. Maelfu ya watu wanaopita juu yake wanayavunjavunja matabaka dhaifu kabla hayajafukiwa. Mteremko ambao haujakanyagwa tangu msimu uanze umetunza kila tabaka. Siku ya kuufungua kwa mara ya kwanza ndiyo siku ya kuumiza kichwa.

Tarehe 10 Januari 2024, kituo cha Palisades Tahoe huko California, palipochezwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1960, kilifungua lifti iitwayo KT-22 kwa mara ya kwanza msimu ule. Kituo kilisema kikosi chake kilikuwa kimefanya ukaguzi siku kadhaa kabla. Saa 3 na nusu asubuhi, nusu saa hivi baada ya viti kuanza kubeba watu, theluji ilikatika na mtu mmoja akafa.

Na kufunga peke yake hakutoshi siku zote. Bonde la jirani, Alpine Meadows, ambalo leo ni sehemu ya kituo hicho hicho, lilikuwa limefungwa kwa ajili ya dhoruba tarehe 31 Machi 1982. Hakukuwa na mtelezaji hata mmoja mlimani. Poromoko lilishuka mpaka kwenye majengo na maegesho ya magari, likaua watu 7. Mfanyakazi wa lifti, Anna Conrad, alinaswa chini ya kifusi cha jengo na theluji kwa siku 5, akatolewa akiwa hai, ingawa alipoteza mguu. Kunusurika kwa namna ile ni nadra mno. Theluji ikishasimama inakaza, huwezi kuchezesha hata kidole, na pumzi unayoitoa inarudi kukuzibia hewa. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 hivi ana nafasi kubwa ya kuishi. Ikifika nusu saa, wengi wanatolewa wakiwa maiti. Ndiyo maana kazi kubwa inafanywa asubuhi, mapema, kabla hujakaa kwenye kiti.

Ulaya utaratibu unatofautiana kidogo. Ufaransa, Uswisi na Austria, kituo kwa kawaida kinawajibika kwa njia zilizowekewa alama. Ukitoka nje ya alama, hiyo ni juu yako. Tangu 1993 nchi za huko hutumia ngazi moja ya hatari, 1 mpaka 5. Ikifika 4 au 5, lifti nyingi za juu husimama. Lakini vifo vingi hutokea siku za namba 3, kwa sababu lifti zinatembea, jua limetoka, na mtu anaisoma 3 kama katikati. Nadhani huo ni udhaifu wa ngazi yoyote yenye namba tano. Anayeandaa taarifa anaiita 3 hatari kubwa ya kutosha. Anayeisoma na koti lake jipya haoni hivyo.

Hata kwetu, kufunga na kufungua njia ya mlimani si kitu kigeni. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, Kilimanjaro, yakaua wapandaji 3 kutoka Marekani. Njia ikafungwa, ikafunguliwa baadaye.

Ikifika Machi na Aprili, huko kwao ratiba inageuka. Usiku theluji inaganda na kuwa ngumu, asubuhi inabeba watu bila wasiwasi. Jua likipanda, maji ya kuyeyuka yanapenya chini na kulegeza kila kitu. Basi lifti ile ile inafunguliwa saa 2 asubuhi na kuanza kufungwa kuanzia saa 6 mchana, ukiambiwa ukale chakula cha mchana mapema.