Namba ya simu sio mtu: maneno ya OTP ninayoyasikia kila msimu wa korosho

Wiki hii tena kiongozi wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) moja ya Tandahimba kaniuliza, "si tunatuma OTP, wasiwasi wa nini tena?" OTP ni ile namba ya siri ya kutumia mara moja, inayokuja kwa meseji kuthibitisha kuwa ni wewe. Swali hilo nimelisikia Masasi, Newala, hapa Mtwara mjini ndo usiseme, kwa hiyo naandika hapa mara moja akiuliza mwingine namtumia hii.

La kwanza ndo linalonichosha kuliko yote: "namba imethibitishwa, kwa hiyo ni mwenyewe." Hapana jamani. OTP inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba dakika hiyo kuna mtu anaweza kusoma meseji za laini hiyo, basi, ni nani mfumo haujui. Mtanijibu laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na ni kweli, zoezi lilianza 2019, ila usajili unakuambia nani aliweka kidole kwa wakala, haukuambii nani kashika simu leo. Nilikaa na karani wa ghala tunaingiza majina ya wanachama, nikaona namba moja inajirudia rudia nikajua kakosea kuandika, kumbe wazee sita wa kitongoji kimoja wameandikisha namba ya kijana mwenye duka kwa sababu yeye ndo ana chaji muda wote na ndo anawasomea meseji. Bibi mmoja nilipomuomba namba alifungua pindo la kanga akatoa kikaratasi cha daftari kimefifia mpaka unasoma kwa kukadiria, namba yenyewe ya mjukuu wake yuko Dar. Sasa wewe unataka mfumo ambao mwenye OTP anabadilisha akaunti ya benki ya kupokelea hela za mnada! Umeshamkabidhi yule mjukuu korosho za bibi, na bibi hajaulizwa.

Na huku kwetu kuna hili la msimu. Mtu anawasha laini Oktoba hela zinapoanza kuingia, zikiisha laini inalala kwenye droo miezi na miezi, kampuni ikiona haitumiki inaifunga halafu namba inauzwa kwa mwingine, huyo mwingine anapokea OTP za mtu asiyemjua kabisa. Hapo bado wanaorenew laini ya mtu kwa kumdanganya au kumhonga wakala, na msidhani ni shida ya vijijini tu, Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, bosi wa Twitter wakati huo, ilitekwa kwa njia hiyo hiyo ya namba ya simu.

Kwa hiyo kwangu OTP ni ya kumwonyesha mtu kilo zake na stakabadhi zake, sio ya kuhamisha hela. Kubadilisha akaunti ya malipo mtu aje ofisini na kitambulisho, wawili waidhinishe, meseji ya taarifa iende kwenye namba ya ZAMANI na zipite siku tatu kabla mabadiliko hayajaanza kufanya kazi. Viongozi wanalalamika ni usumbufu, mi sibadilishi. Na wewe msomaji weka PIN kwenye laini yako leo, maana simu ikiibiwa mwizi anachomoa laini anaiweka kwenye simu yake na OTP zote zinamfuata, hata kama simu yako ulifunga kwa kidole.

"Meseji haiwezi kuonwa njiani." Inaweza. Mitandao ya simu bado inapitisha meseji kwa mfumo wa SS7 ambao misingi yake ni ya miaka ya 1970, na 2017 Ujerumani wezi waliutumia kunasa OTP za benki wakatoa hela za watu. Ila wengi huku wanaibiwa kwa kupigiwa tu, "mi ni huduma kwa wateja, nisomee namba uliyotumiwa". Ndo maana meseji za OTP ninazotuma mimi zinaanza na USIMPE MTU, namba inakuja baadaye.

"Meseji ni hela ndogo." Signal, wale wenye apu ya kutumiana meseji, walisema 2023 kwamba kuthibitisha namba kunawala kama dola milioni 6 kwa mwaka. Mwenye gesti mmoja aliamka salio la meseji limeisha lote, roboti zilikesha kwenye mfumo wake zinaomba OTP kwenda nchi ambazo hajawahi kupokea mgeni, kuna watu wanapata mgao kwa kila meseji inayofika huko. Kama wateja wako wote wako Tanzania ruhusu namba za +255 tu, na uweke kikomo cha maombi kwa kila namba. Kingine, toeni emoji! Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, ukiweka emoji moja tu zinashuka mpaka 70, kwa hiyo ya herufi 130 unalipia mbili.

"Tarakimu sita ni chache." Ni milioni moja ya uwezekano, ruhusu majaribio matatu halafu funga, inatosha.

"Bila meseji hamna njia." Ipo, apu ya kutengeneza namba za OTP ndani ya simu yenyewe, namba inabadilika kila sekunde 30 na apu haihitaji vocha wala mnara. Nimewawekea makarani wawili ambao ghala lao mtandao unashika ukisimama barazani tu. Namba ikikataa angalieni saa ya simu kwanza, mara nyingi ndo imepishana.