Trela la Mizigo na Katamarani: Shida Si Uzito

Wanaoniletea trela la mizigo nilibadilishe libebe katamarani ndogo (boti ya tanga yenye bodi mbili za kuelea) huanza na swali moja: litahimili? Hobie 16, aina moja ya katamarani hizo, ina kilo 145 hivi. Trela lililozoea kubeba mchanga halitajua hata kama limepakiwa, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Springi za mzigo mzito hazibonyei kwa mzigo mwepesi, kwa hiyo kila shimo la barabarani hupanda moja kwa moja hadi kwenye faiba ya boti. Kama springi ni za vyuma bapa vilivyopangana, napunguza kimoja au viwili, ila kile kirefu chenye macho, yaani matundu ya kufungia kwenye ncha zake, sikigusi.

Upana wa boti nao ni mita 2.41, na kitanda cha trela dogo mara nyingi hakifiki hata mita moja na nusu. Bodi zote mbili zitakaa nje, juu ya magurudumu. Nafunga vyuma viwili vya kukingama, bomba la mraba, juu kiasi cha kukwepa madigadi. Nafunga kwa bolti, sichomelei, sababu inakuja.

Nafasi kati ya vyuma hivyo siipimi kwenye trela, naipima kwenye boti. Bodi ikalie chuma pale zilipo nguzo zinazobeba fremu ya boti, maana hapo ndipo ina nguvu. Boti yangu ya kwanza niliilaza kwa katikati, juu ya ubao mwembamba uliovishwa zulia. Msimu haujaisha nikabonyeza kwa kidole gumba: faiba ikaingia, ikarudi, tak, kama kopo tupu.

Mlingoti, unaolazwa juu ya trela wakati wa safari, una zaidi ya mita 8. Hapo mkono wa kuvutia wa trela hautoshi, nao naubadilisha mzima kwa bomba moja refu. Wa kuunga sina imani nao. Nguzo ya mbele ya kuegemeza mlingoti isimame mahali ambapo gari likikata kona kali, ncha ya mlingoti haigusi kioo cha nyuma cha gari. Kinachochomoza nyuma kinafungwa kitambaa chekundu.

Ukishapakia kila kitu, weka mizani ya bafuni chini ya kichwa cha mkono, pale trela linaposhikana na gari. Trela na boti zikiwa kilo 350, nataka kuona kama 35 pale. Ikisoma 10, trela litayumba mkia ukiongeza mwendo. Legeza bolti, sogeza vyuma mbele kidogo pamoja na boti, pima tena. Aliyechomelea atarudi kwa fundi.

Mikanda ya kufungia ipe msokoto mmoja kabla ya kukaza, isije ikavuma kwa upepo njia nzima.