Demand si kuomba

Wiki hii tena, kijana mmoja wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, kaniletea barua ya kuomba kazi katika shirika la misaada. Mstari wa kwanza: I demand a job in your organization. Nikashika kalamu nyekundu, naye akaniwahi: "Lakini Mwalimu, demand na ask si ni mamoja? Hata Kifaransa tunasema demander."

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Sisi wa Goma tumesomeshwa kwa Kifaransa, basi neno la Kiingereza likiwa na sura ya Kifaransa tunalikumbatia kama ndugu. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, kisha ya korti. Demand likajengeka katika mambo ya sheria: mtu anataka haki yake mbele ya jaji. Kuomba kwa kawaida kukabaki kwa ask, neno la wenyeji. Kwa hiyo demand ni kudai, na anayesoma barua yako anakuona umegonga meza.

Kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili chetu kinajua tofauti hiyo. Mama anayekuuzia makala, yaani makaa ya kupikia, ukichukua gunia bila kulipa, kesho hakuombi pesa. Anakudai. Kijana yule angepitia Kiswahili asingekosea! Tuliandika I am applying, maana hata ask haifai kwenye barua ya kazi.

Dawa hiyo hiyo inatibu borrow na lend: kukopa na kukopesha. Learn na teach pia. Kifaransa kinazifunika zote mbili kwa apprendre, Kiswahili kina kujifunza na kufundisha. Actually si "kwa sasa", ni "kusema kweli". Na kama uli-assist mkutano, ulisaidia kazi zake. Kama ulikaa tu ukasikiliza, uli-attend.

Eventually ni hatari zaidi. Éventuellement ya Kifaransa ni huenda. Eventually ni hatimaye, yaani jambo litatokea ila litachelewa. Ukiandika kwenye ripoti kwamba malori will eventually reach Sake, bosi wako aliye Nairobi anahesabu kuwa yatafika. Wewe ulitaka kusema labda.

Mahali pamoja Kiswahili kinatuangusha: safety na security, vyote tunaviita usalama. Mashirika hayavichanganyi. Safety ni ajali, moto, maafa ya asili. Security ni watu wenye nia mbaya. Lava ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 22 Mei 2021 ni safety. Mwizi anayeingia katika nyumba uliyoikimbia ni security.

Dereva mmoja darasani akauliza: na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na breki ikinigonga?

"Safety."

"Na kama mwenye chukudu ni shemeji yangu, na ninamdai?"

Nikafunga daftari, tukaenda kunywa chai.