Ultrasaundi katika upasuaji wa saratani ya titi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Neno ultrasaundi likitajwa, wengi wetu hukumbuka mama mjamzito na picha ya mtoto aliye tumboni. Ni wachache wanaofahamu kwamba titi lilichunguzwa kwa mawimbi ya sauti kabla mimba haijaanza kuchunguzwa hivyo: John Wild na John Reid walichapisha kazi yao kuhusu tishu za mwili, zikiwemo za titi, mwaka 1952 kule Marekani, ilhali makala maarufu ya Ian Donald na wenzake wa Glasgow, iliyowaonyesha madaktari picha za kijusi, ilitoka mwaka 1958. Leo mashine hiyo imeingia hadi chumba cha upasuaji, ambako humsaidia daktari kuona uvimbe unaishia wapi wakati anapoukata. Yanayosemwa kuihusu ni mengi. Baadhi yanaipunja sifa yake, na mengine yanaipa uwezo isiokuwa nao.

Dhana: Titi lote likiondolewa mgonjwa huwa salama zaidi, kwa hiyo kuhangaika na mashine ili kuokoa sehemu ya titi ni kujitafutia hatari.

Ukweli: Swali hili lilijibiwa kwa majaribio makubwa yaliyoanza miaka ya 1970, moja likiongozwa na Umberto Veronesi mjini Milan na jingine na Bernard Fisher nchini Marekani. Matokeo ya miaka 20 ya kuwafuatilia wagonjwa yalichapishwa mwaka 2002, na yote mawili yalionyesha kwamba wanawake waliobakiziwa titi hawakufa kwa wingi zaidi kuliko walioondolewa titi lote. Hata hivyo, kuna masharti. Katika jaribio la Fisher, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 14.3 ya waliopewa mionzi baada ya upasuaji, na kwa asilimia 39.2 ya wale ambao hawakupewa. Sharti la pili ni kwamba uvimbe uondolewe wote, bila saratani kubaki kwenye ukingo wa sehemu iliyokatwa, na hapo ndipo ultrasaundi inapopata kazi. Wapo pia wagonjwa ambao kuondolewa titi lote ndiyo njia inayowafaa, kwa mfano pale saratani inapokuwa imetapakaa sehemu nyingi za titi.

Dhana: Daktari mpasuaji mwenye uzoefu huhisi uvimbe kwa vidole vyake, hivyo mashine ni mapambo tu.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayostahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu inaaminika hata miongoni mwa baadhi ya wataalamu. Vidole huhisi ugumu, lakini ugumu si saratani. Tishu ya titi iliyoshikamana kwa asili inaweza kuwa ngumu, damu iliyoganda baada ya kuchukuliwa sampuli ya uchunguzi inaweza kuwa ngumu, na kovu vilevile. Kwa upande mwingine, uvimbe mdogo uliogunduliwa kwa mamografia (picha ya eksirei ya titi) pekee huenda usihisike kabisa. Na hata unapohisika, kinachomwelekeza daktari ni kitovu chake kigumu, wakati yeye anahitaji kujua mpaka wake.

Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio linaloitwa COBALT, lililowahusisha wagonjwa 134 wenye uvimbe unaohisika kwa mkono. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: 65 walipasuliwa kwa kuongozwa na ultrasaundi na 69 kwa kuongozwa na vidole. Saratani ilikutwa kwenye ukingo wa kipande kilichokatwa kwa wagonjwa 2 wa kundi la kwanza, yaani asilimia 3, na kwa wagonjwa 12 wa kundi la pili, yaani asilimia 17. Ikumbukwe kwamba uvimbe wote huo ulihisika, na kwa hiyo vidole vilikuwa vimepewa nafasi yao bora kabisa.

Kazi yenyewe hufanyika kwa hatua. Kwanza daktari humpima mgonjwa akiwa tayari amelala mezani na mkono umenyooshwa pembeni, kwa kuwa titi hukaa tofauti na lilivyokaa lilipobanwa kwenye mashine ya mamografia, na mahali pa uvimbe huonekana kama pamehama. Kisha huchora alama kwenye ngozi. Anapoendelea kukata, hurudisha kichwa cha mashine, kilichovikwa mfuko usio na vijidudu, juu ya titi au ndani ya jeraha ili kupima umbali uliobaki kati ya kisu na uvimbe. Uvimbe wa saratani kwa kawaida huonekana kama doa jeusi lenye kingo zisizo sawa, na mara nyingi huangusha kivuli nyuma yake. Kipande kikishatoka hutumbukizwa kwenye maji ya chumvi na kupimwa upya kila upande, na upande unaoonekana mwembamba huongezewa tishu papo hapo, mgonjwa akiwa bado usingizini. Maji yanatumika kwa sababu hewa ni adui wa mawimbi ya sauti: povu dogo au tishu iliyoungua kwa kisu cha umeme inatosha kuichafua picha.

Dhana: Kadiri kipande kinachokatwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo usalama unavyoongezeka.

Ukweli: Wazo hili lina mantiki ya haraka haraka, lakini ushahidi haukulithibitisha. Mwaka 2014 vyama vya Marekani vya wapasuaji wa saratani na wataalamu wa mionzi vilikubaliana kwamba, kwa saratani iliyokwisha kupenya tishu na mgonjwa akipewa mionzi ya titi zima, inatosha wino usiguse saratani. Wino huo ni rangi ambayo mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza tishu maabara, hupaka nje ya kipande kabla ya kukichanja. Saratani ikigusana nayo chini ya darubini, ukingo huhesabiwa kuwa si safi. Kwa saratani ambayo bado imefungika ndani ya mirija ya maziwa, mwongozo wa mwaka 2016 ulitaka nafasi ya milimita 2.

Katika jaribio lile la Uholanzi, kipande cha waliopimwa kwa ultrasaundi kilikuwa na wastani wa sentimita za ujazo 38, dhidi ya 57 kwa wengine. Hapa naona ndipo penye fundisho lisilosemwa vya kutosha: kundi lililokatwa zaidi ndilo lililobakiza saratani zaidi. Daktari asiyeona mpaka hukata kupita kiasi upande mmoja, na upande wa pili akapungukiwa.

Dhana: Ultrasaundi ikionyesha ukingo safi, hakuna haja ya kungoja majibu ya maabara.

Ukweli: Ultrasaundi haioni seli. Sauti husafiri kwenye tishu laini kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, na kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya megahezi 10, yaani mitetemo milioni 10, ambayo ni ya kawaida kwa kupima titi, wimbi moja lina urefu wa takriban milimita 0.15. Seli ya saratani ni ndogo kuliko hapo mara nyingi. Kinachoonekana kwenye skrini ni mkusanyiko wa tishu zinazorudisha mwangwi kwa namna tofauti. Seli chache zilizojipenyeza pembeni hazitajitokeza hata mashine ikiwa ya gharama kiasi gani.

Zipo pia saratani zinazojificha. Ile inayobaki ndani ya mirija mara nyingi hujulikana kwa chembechembe za chokaa, ambazo mamografia huzionyesha vizuri kuliko ultrasaundi, na ndiyo maana kipande cha mgonjwa wa aina hiyo hupigwa eksirei kabla jeraha halijafungwa. Saratani inayoanzia kwenye vijitezi vya maziwa nayo huweza kusambaa kwa seli zilizopangana mstari mmoja mmoja bila kufanya uvimbe ulioshikamana, na mpaka wake humpotea hata mpimaji hodari. Aliyeanza na tibakemikali naye anaweza kufika chumba cha upasuaji uvimbe ukiwa umenywea hadi hauonekani, na asipokuwa amewekewa alama ndogo ya metali mapema, hakuna cha kulenga.

Watafiti wamejaribu masafa ya juu zaidi, megahezi 20 hadi 80, kwa kupima vipande vilivyokwisha kutolewa mwilini na kuchambua umbo la mawimbi yenyewe badala ya kutazama picha, ili kutofautisha tishu salama na yenye saratani. Masafa yakipanda, undani huongezeka lakini kina hupungua, hivyo njia hiyo inafaa kipande kilicho mkononi kuliko titi zima. Hayo yote hayajamwondoa mwanapatholojia, ambaye majibu yake kamili huchukua siku kadhaa.

Dhana: Mawimbi hayo huchoma titi au huitawanya saratani.

Ukweli: Ultrasaundi ya uchunguzi haitumii mionzi kama ya eksirei, na hakuna ushahidi kwamba huieneza saratani. Mara nyingine humwepusha mgonjwa na waya mwembamba ambao huchomekwa kwenye titi kabla ya upasuaji ili kuonyesha mahali pa uvimbe usiohisika. Waya huo huweza kusogea, na wapo wanaozimia unapowekwa.

Dhana: Mgonjwa akiitwa tena kwa upasuaji wa pili, ni dhahiri daktari alikosea au hakutumia mashine.

Ukweli: Uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali za umma za Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliofanyiwa upasuaji wa kubakiza titi alirudishwa mezani. Wengi wa hao hawakufanyiwa uzembe wowote. Saratani yao ilikuwa imeenea mahali ambapo hakuna jicho wala kifaa kilichopaona siku ile. Kurudia upasuaji huchelewesha mionzi na humchosha mgonjwa mwili na moyo, na ultrasaundi, ikiwa mikononi mwa daktari aliyejifunza kuitumia, hupunguza uwezekano huo bila kuufuta. Wale wagonjwa 2 wa Uholanzi ambao ukingo wao haukuwa safi walipasuliwa skrini ikiwa imewashwa, na wataalamu wakiitazama.