Je, wajua simu inatambuaje sehemu iliyofutika kwenye QR?

Stika ya QR ya kulipia pale dukani ina doa la mafuta, upande mmoja umechunika, na bado simu inaisoma mara moja. Simu hiyo haikuiona stika ilipokuwa mpya. Imejuaje palipoharibika, na imejuaje palikuwa na nini?

Mbinu yenyewe inaonekana vizuri zaidi kwenye msimbo mdogo ambao Richard Hamming wa maabara ya Bell Labs, Marekani, aliuchapisha mwaka 1950. Una biti 7, yaani tarakimu za 0 au 1: nne za ujumbe na tatu za ukaguzi. Za ukaguzi hukaa nafasi ya 1, 2 na 4, kila moja na kundi lake. Ya 1 husimamia nafasi 1, 3, 5 na 7. Ya 2 husimamia 2, 3, 6 na 7. Ya 4 husimamia 4, 5, 6 na 7. Sharti ni kwamba ndani ya kila kundi idadi ya tarakimu 1 iwe shufwa.

Ujumbe 1011 ukipangwa hivyo unakuwa 0110011. Tuseme biti ya sita imegeuka njiani, ikapokelewa 0110001. Kagua: kundi la kwanza lina tarakimu 1 mbili, salama. Kundi la 2 linazo tatu, witiri. Kundi la 4 linayo moja, witiri tena. Jumlisha namba za makundi yaliyogoma: 2 + 4 = 6. Nafasi ya sita ndiyo mbovu. Igeuze, ujumbe umepona. Matokeo ya ukaguzi huu huitwa sindromu, na hapa ndipo penye utamu wote: sindromu haijali ujumbe ulikuwa upi, inafuata kosa tu. Ndiyo maana mpokeaji hahitaji nakala ya asili.

Lakini makosa yakiwa mawili, mambo huharibika. Biti ya 3 na ya 6 zikigeuka pamoja, kundi la 2 linaonekana salama, yanagoma la 1 na la 4, na sindromu inasema 5. Kirekebishi kinaigeuza ya 5 iliyokuwa nzima, na sasa makosa ni matatu.

QR, iliyobuniwa na Denso Wave ya Japani mwaka 1994, hutumia msimbo wa Irving Reed na Gustave Solomon wa mwaka 1960. Huu hukagua baiti nzima, yaani biti nane, badala ya biti mojamoja, kwa hiyo doa likifunika visanduku vyote vinane vya baiti moja, linahesabiwa kosa moja. QR ndogo kabisa, ya visanduku 21 kwa 21, ina baiti 26. Kwenye kiwango M cha urekebishaji makosa, 16 ni za ujumbe na 10 za ukaguzi. Simu hukokotoa sindromu. Zote zikiwa sifuri, kazi imekwisha. La sivyo, algorithimu kama ya Berlekamp na Massey huunda polinomia ambayo vipeuo vyake (thamani zinazoifanya iwe sifuri) huonyesha baiti zilizoharibika, kisha fomula kama ya Forney hutoa thamani ya kurekebishia kila moja.

Kila kosa hula baiti mbili za ukaguzi: moja ya kujua lilipo, nyingine ya kujua kiasi chake. Kwa 10 ungetarajia marekebisho matano, ila kiwango hiki huruhusu manne tu. Mbili huachwa makusudi kama kinga, maana QR inayokataa kusomeka ni afadhali kuliko inayosomeka kimakosa, hasa kwenye malipo. Kiwango H hubeba baiti 9 za ujumbe na 17 za ukaguzi, kikarekebisha 8 kati ya 26, karibu asilimia 30. Stika ya kubandikwa penye jua na mikono mingi ichapishwe kwa kiwango hicho.

Ila miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona haimo katika hesabu hizi. Kamera huitumia kuitafuta QR kabla ya kusoma baiti hata moja, hivyo mmoja ukichanika vibaya, kirekebishi hakipati hata nafasi ya kuanza. Vivyo hivyo ukingo mweupe kuzunguka QR: upana wake uwe visanduku vinne, na mkasi usiuguse.